Mawe Tuliyoyapaka Chokaa

Sifa mwanangu,

Salamu sina haja ya kuzipanga, maana leo asubuhi tumepishana mlangoni, mimi narudi kutoka kazini, wewe unatoka kwenda kununua viatu vya mlimani. Ulisema neno moja, nami nikajibu neno moja. Ndivyo tulivyoishi siku kumi na moja hizi, kama wapangaji wawili wanaogombania jiko. Saa hizi ningekuwa nimelala, lakini usingizi umegoma. Mkoba wako umesimama sebuleni umevimba, na kesho asubuhi utaubeba uende nao uwanja wa ndege. Nimekaa kuandika wewe ukiwa bado madukani.

Habari za maji ya kunywa, kofia na nyoka sitakupa. Wenye safari yao wameziandika kurasa nne, na wewe tangu utoto ukiambiwa vaa sweta unavua hata fulana. Mimi nina jambo jingine, na nimelikalia miaka kumi na tisa.

Nianze na siku tuliyogombana. Ulikuwa unakata vitunguu, ukaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yako, kwamba unakwenda Arizona kwa wikendi moja, kujitolea kutengeneza njia za miguu kwenye milima ya jangwa. Mshahara hakuna, chakula wanatoa, nauli unajilipia. Na wikendi hiyo ikienda vizuri, kuna kikundi kitakachokuchukua ukae nao huko huko mpaka mwakani. Nikauliza chuo je. Ukasema chuo kitangoja. Mimi nikaweka kijiko mezani nikasema, "Salongo." Ukaniuliza salongo ni nini, na ulikuwa unauliza kwa nia nzuri, nilikuona. Badala ya kukueleza nikapandisha sauti, kwamba sikukutoa Uvira nikakuvusha Bujumbura, nikakuleta mpaka hapa ughaibuni, Rexdale, na kupanga maboksi ghalani usiku miaka kumi, ili uende kwa hiari yako kuvunja mawe ya bure jangwani. Ukanijibu kwamba kuna watu wanafanya kitu kwa sababu kinafaa kufanywa. Nikacheka kile kicheko changu kibaya, unakijua. Ukaacha vitunguu nusu ukaingia chumbani kwako.

Vitunguu nilimaliza kukata mimi. Tangu siku ile hatujazungumza, na najua vizuri kwamba wikendi hiyo haina mwisho. Hutarudi. Ningekuwa wewe, nami nisingerudi.

Sasa nikueleze salongo, maana uliuliza. Kule Zaire, enzi zile, Jumamosi ilikuwa siku ya kazi ya serikali. Kila mtu mzima alitakiwa atoke na jembe au panga, wakatengeneze barabara, mifereji, uwanja wa shule, chochote kilichotajwa. Mshahara haukuwepo, na hiari pia haikuwepo. Katika kijiji chetu, mlimani juu ya Uvira, msimamizi wa salongo alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita mwenye shati jeupe, daftari na filimbi. Alikuwa amesoma miaka michache kuliko wewe, lakini kuliko wengi pale alikuwa amesoma, na alihakikisha hawasahau. Walimwita Kapita. Ndiye mimi huyo, Sifa. Mama yako naye aliniita Kapita, kwa kunitania, hasa nikiingia nyumbani na ile filimbi bado shingoni. "Kapita, leo nani ameoga bila ruhusa?" Hivyo ndivyo alivyokuwa akinipokea.

Kutoka kijijini kwetu kushuka mpaka barabara ya gari, ambako kulikuwa na zahanati na chumba cha wazazi, palikuwa na njia moja ya miguu. Njia ya zamani sana, imepinda hapa, imepinda pale, na kila baada ya hatua kadhaa palikuwa na mawe yamelazwa kukatiza njia, mshazari, nusu yamezikwa. Ukishuka gizani yanakukwaa vidole. Kila mtu aliyalaani, na hakuna mtu aliyekumbuka nani aliyalaza.

Mwaka ule ikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa serikali atapita kukagua salongo za vijiji. Nikaamua njia yetu ndiyo itakayompendeza. Nawe unajua sisi watu wa kule usafi tunaupima kwa udongo: uwanja uliofagiwa mpaka hakuna hata jani, huo ndio uwanja wa watu wenye adabu, na nyumba yenye majani mlangoni ni nyumba ya mvivu. Basi nikataka njia ifanane na uwanja wa padri. Jumamosi tano watu walikwangua majani yote ya pembeni, huku na huku, hadi udongo mwekundu ukabaki mtupu. Mipindo nikainyoosha, ili mtu akisimama chini barabarani aione njia yote moja kwa moja mpaka juu. Na yale mawe nikaamuru yang'olewe. Tukayapaka chokaa, tukayapanga pembeni mistari miwili, meupe, yananyooka na mlima. Nilipanda juu nikaiangalia, nikaona nimefanya kitu maishani. Nakuambia ukweli, sijawahi kujipenda kama siku ile.

Mama yako alikuja Jumamosi ya tatu na maji ya kunywa ya watu. Akasimama akaangalia wanaume wakichimbua jiwe. Akasema, mbele ya watu, "Kapita, muko munanyoa mulima. Hizi mawe wazee walizilalisha hapa sababu ya maji. Mukizitoa, mvua itapita wapi?"

Watu wakaacha kuchimba wasikie nitajibu nini. Ningeweza kuuliza alijuaje. Baba yake alikuwa mtu wa mashamba ya mteremkoni, naye alikua akiyaona maji yanavyotembea. Lakini nilikuwa na filimbi. Nikasema, "Mama, rudi nyumbani. Hii ni kazi ya serikali." Wakacheka. Akaweka ndoo chini akaondoka, na jioni hakunitania. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu katika nyumba yetu alikuwa yeye, ila guu lililovunjika halikuwa langu.

Palikuwa na jirani yetu anaitwa Lubunga, mtu mzima wa makamo, mwenye goti bovu. Jumamosi ya nne hakutokea. Nikaandika jina lake kwenye daftari, kama nilivyoandika majina ya wengine, nikalipeleka chini kwenye ofisi ya serikali. Wakamfunga siku mbili. Alirudi akichechemea zaidi. Tukikutana alinisalimia vizuri tu, na mimi nikajiambia kwamba basi hana kinyongo, yamekwisha.

Yule mkubwa alikuja kweli. Gari lilisimama barabarani, akashuka, akainua macho akaiona njia yetu na mistari yake meupe, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akanywa bia moja dukani, akaondoka. Mlimani hakupanda hata hatua moja.

Mvua zikaanza mwezi uliofuata. Maji yalikuta njia iliyonyooka, haina jani, haina jiwe la kuyageuza, na pembeni yamewekewa mistari miwili ya mawe kuyazuia yasitoke. Yakaifuata njia yetu kama wakubwa. Wiki ya kwanza yalichimba mfereji wa kina cha kifundo cha mguu. Kufikia Krismasi mtu alisimama ndani yake asionekane kichwa. Katikati ya mlima njia ilikatika kabisa, pakabaki korongo. Watu wakaanza kuzunguka kwa juu, njia ya mbuzi, nusu siku nzima. Mimi niliendelea kusema tutaitengeneza salongo zikianza tena baada ya mvua. Mama yako alikuwa na mimba ya miezi saba, na hakuniambia hata mara moja kwamba alishanionya. Ningependa angesema.

Sasa, Sifa, hapa ndipo pa kusoma taratibu.

Mimi nilikuambia mama yako alikufa kwa homa. Uliniuliza mara ya kwanza ukiwa na miaka sita, tuko Bujumbura, nikasema homa, na homa ikabaki. Hakufa kwa homa. Uchungu ulimshika alfajiri, miezi haijatimia. Mkunga wa kijijini akaona damu, akasema huyu si wa kuzalia hapa, mshusheni. Nikaenda kutafuta wanaume wanne wa kubeba kipoyi, ile machela ya mianzi. Watatu nikawapata. Wa nne aliyekuja bila kuitwa alikuwa Lubunga, na goti lake. Akaingia chini ya mwanzi wa mbele, upande wa kushoto, akainua.

Tulipofika njia panda, Lubunga akasimama. "Kapita, njia yako imekufa. Tupite huku juu."

Alisema kweli, na alisema kwa upole, bila kunisuta. Lakini mimi nikasikia lile neno "njia yako", mbele ya wanaume watatu, mbele ya mke wangu aliyelala pale anasikia. Nikasema tushuke, patapitika, jana nilipaona. Sikuwa nimepaona. Nilikuwa na wiki tatu sijathubutu kwenda kupaangalia. Tukashuka. Tulifika kwenye korongo tukakuta maji yanatembea chini, na kingo zinameguka tukikanyaga. Tukajaribu kushuka ndani na kipoyi, tukashindwa. Tukajaribu pembeni, mmoja akateleza karibu amwangushe mama yako. Hata saa niliyokuwa nayo mkononi niliogopa kuitazama. Mwishowe mama yako ndiye aliyesema, na sauti haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka, "Yohana, turudi." Hakusema Kapita. Tukageuza, tukapanda tena, tukashika njia ya mbuzi.

Ulizaliwa kwenye ile njia ya mbuzi, chini ya turubai walilolishika wanaume wawili huku wamegeuza nyuso. Mkunga, aliyekuwa akitufuata nyuma, alikupokea, ukalia vizuri, kwa nguvu. Mama yako alikuona. Alikushika. Huo si uongo, hilo nakuapia. Aliuliza wewe ni nini, tukasema msichana, akasema Sifa, maana jina alikuwa amelichagua zamani. Damu haikukata. Tulipofika chumba cha wazazi muuguzi aliinua kitenge, akakirudisha, akakuchukua wewe.

Ile saa tuliyoipoteza kwenye korongo, sijui kama ingetosha. Muuguzi sikumwuliza. Miaka yote hii ningeweza kumwandikia, na sikumwandikia, maana kama angejibu ndiyo ningefanya nini? Na lau njia ingekuwa kama nilivyoikuta, tungekuwa chini kabla jua halijapanda sana. Hesabu hiyo sihitaji muuguzi anifanyie.

Utajiuliza kwa nini leo. Ni zile karatasi zako. Uliziacha mezani juzi, nikazisoma nikinywa chai, kwa kamusi yako ya shule, nitafute kosa la kukuzuia nalo. Ukurasa wa tatu una mchoro. Njia inashuka mlima, na mawe yamelazwa kukatiza njia, mshazari, nusu yamezikwa. Mishale inaonyesha maji yanafika kwenye jiwe, yanageuka, yanatoka kando kabla hayajapata nguvu. Chini wameandika msing'oe mimea ya pembeni, mizizi yake ndiyo inayoshika njia. Na wameandika njia inyooke kadiri mlima unavyoruhusu, si kadiri jicho linavyopenda. Niliangalia mchoro ule hadi chai ikaota utando. Mpaka juzi, nilikuwa bado na kajificho kadogo: kwamba pengine mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa mno, kwamba njia ingekatika hata hivyo. Nilikuwa naishi ndani ya hiyo "hata hivyo". Mtu wa Arizona asiyenijua amechora mstari na mishale sita akanitoa humo.

Na wewe utaenda kulaza mawe hayo. Kwa mikono yako, kwa sururu na mtaimbo, kwenye mlima ambao hakuna ndugu yako anayeupita. Nilipokuambia salongo nilikuwa nakutukana, na tusi lilikuwa langu. Watu wangu walifanya kazi kwa kuogopa daftari. Wewe unakwenda bila daftari. Sijui mtu wa hivyo amelelewaje, maana si mimi niliyemfundisha.

Ushauri ninao mdogo. Huko kutakuwa na mtu hana cheo, hana kofia ya kikundi, pengine ndiye anayewaletea maji. Akisema jiwe hili liacheni, acheni kwanza. Na ukikosea kitu, sema siku ile ile, hata kama ni mbele ya watu watatu. Mimi niliona haya kwa dakika moja, na dakika hiyo sijaimaliza mpaka leo. Mficha uchi hazai, tulikuwa tukisema. Mimi nilizaa, nikaficha hata hivyo, na umeona kilichotokea: tumekaa wawili katika nyumba hii ya ghorofa ya kumi na nne miaka yote, na wewe humjui mama yako, kwa sababu siwezi kuanza kumsimulia bila kufika kwenye njia ile. Ndiyo maana nilikunyima utani wake, nyimbo zake za kutwangia, jinsi alivyokuwa akila ndizi mbivu na chumvi. Uliacha kuuliza ulipokuwa na miaka kama kumi na mbili. Niliona siku uliyoacha, na nilishukuru.

Kuna jambo la mwili wako pia. Kila fomu ya kliniki uliyojaza, penye swali la mama alikufa na nini, umejaza uongo wangu. Mwaka jana nilikaa karibu nawe pale kliniki ya Kipling nikakuangalia ukiandika homa, na sikusema. Siku moja utabeba mimba. Waambie ukweli, wajiandae na damu.

Usitegemee nitaongeza ombi la msamaha. Nimelifikiria kwa uzito. Anayepaswa kuombwa kwanza hayupo. Lubunga naye hayupo, nilisikia kwa mtu kanisani kwamba vita vilipopanda mlimani hakuweza kukimbia, kwa lile goti. Mimi ndiye niliyemwongezea kule kuchechemea. Wewe umebaki wa mwisho, na haifai nikubebeshe deni la watu wote watatu siku ya kuamkia safari. Nenda tu.

Kuhusu kaburi, siku moja utataka kujua. Tulimpandisha tena siku ile ile, na wanaume walikuwa wamechoka, mvua inarudi. Hatukufika kijijini. Tulimzika pale pale ulipozaliwa, kwenye njia ya mbuzi, chini ya mwamba mkubwa ulioegemea. Kijiji chenyewe sasa hakina mtu, wote walishuka au walikufa, na njia ya mbuzi bila mbuzi inaota msitu mwaka mmoja. Kwa hiyo hata ukipata nauli, hata vita vikiisha, ukasimama barabarani pale ilipokuwa zahanati ukainua macho, hutakuwa na pa kupandia. Ya juu imeota na ya chini niliiua mimi.

Nitaiweka barua hii ndani ya mkoba, chini ya soksi. Najua Kiswahili unakisikia wala hukisomi. Baada ya mistari miwili utachoka, na huko uendako hakuna wa kukusomea. Kwa hiyo nimechukua karatasi ndogo, nimeandika kwa Kiingereza kwa msaada wa kamusi yako. Sentensi tatu. Mama yako hakufa kwa homa. Alitokwa na damu akikuzaa. Waambie madaktari. Nilitaka kuongeza ya nne, kwamba njia niliiharibu mimi. Maneno yote nimeyapata kwenye kamusi, si magumu, nimeyapanga kichwani. Nimeishika kalamu tangu saa nane mchana, sasa inakaribia saa kumi, na karatasi bado ina sentensi tatu.

Baba yako,
Yohana